Mchunga Maua

Walimu tulimwita Bwana Shamba, naye hakuitika hata siku moja. Bwana shamba ni mtu wa kilimo, mwenye viatu vya mpira na maneno ya mbolea, na mtunza bustani wa shule yetu pale Garsen alikuwa Mworma, mrefu, mkavu, mwenye fimbo ambayo hakuiweka chini hata alipobeba ndoo mbili za maji. Sijui ndoo mbili na fimbo vilienea vipi katika mikono miwili, lakini vilienea. Ukitaka akugeukie ulimwita Mzee, tena kwa sauti ya kawaida, maana ukipaza sauti alijifanya kiziwi.

"Mimi hapana lima," aliniambia wiki yake ya kwanza, nilipomkuta amechuchumaa kwenye tuta la maua ya vinka. "Mimi nachunga."

"Unachunga nini hapa, Mzee? Hata mbuzi hamna."

"Maua."

Nililipeleka neno hilo mbio mbio ofisi ya walimu, tukacheka mpaka chai ikapoa. Nakiri kwamba kicheko changu kilikuwa na kinyongo ndani yake. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema. Mama yangu amelima mpunga na ndizi kando ya mto maisha yake yote, na utotoni nilimwona zaidi ya mara moja akisimama asubuhi mbele ya shamba lililolazwa na ng'ombe, mikono kichwani. Kwa hiyo shule ilipomwajiri mfugaji atunze maua, baada ya kiangazi kibaya cha mwaka wa tisini na sita, niliona tumefanyiwa mzaha. Nilisema mbele ya wenzangu kwamba bustani imekwisha kabla haijaanza.

Haikuisha. Iliota mpaka watu waliokuwa wakienda sokoni wakaanza kupita upande wetu wa barabara.

Kilichonikera zaidi kilikuwa Kiswahili chake. Mimi nilifundisha Kiswahili na sanaa, na ngeli zilikuwa dini yangu ya pili. Kwa Mzee kila kitu kilikuwa "hii". Hii kiti, hii mvua, hii watoto. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye tai, aliitwa "hii kubwa ya shule", na hakupendezwa. Maua peke yake ndiyo yaliyopewa heshima ya "huyu". Huyu amekunywa. Huyu ana homa. Hawa wamegombana tangu asubuhi.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "ua ni kitu. Useme hili ua. Limekunywa."

"Limekunywa," akarudia kwa adabu kamili. Kisha akainama na kugusa udongo kwa kidole. "Lakini huyu bado."

Nilimsahihisha miezi na miezi. Alinisikiliza kila mara, akarudia kila mara, na kila mara akaendelea na lugha yake. Nilidhani ni ukaidi wa mtu asiyekwenda shule.

Alikuwa na visa vyake. Hakuweza kuvumilia harufu ya asumini. Alisema inamuumiza kichwa, na alipoimwagilia alifunga pua kwa ncha ya kikoi. Chai ya maziwa ya unga aliiita chai ya karatasi na kuirudisha jikoni bila kuonja, hata siku ambazo hakuwa na kingine cha kunywa. Aliosha miguu kabla ya kuingia bustanini, si baada ya kutoka. Pia alikuwa na majivuno. Mgeni yeyote aliyesifu bustani aliambiwa kwamba vyote vile kavipanda yeye, na nina hakika kuna watu walioondoka pale wakiamini kwamba hata mlingoti wa bendera kaupanda yeye.

Mtoto akichuma petali moja alifukuzwa kwa fimbo hadi mlango wa darasa. Mbuzi wa jirani alirushiwa mawe akiwa bado barabarani, kwa kosa la kutazama. Lakini asubuhi moja ng'ombe mmoja aliyepotea njia aliingia langoni, akaanza kula vinka, akamaliza safu nzima kwa utulivu kama aliyealikwa. Nilitoka darasani nikipiga kelele. Mzee alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwa ng'ombe yule, fimbo begani, anatabasamu. Sikuwahi kuona meno yake kabla ya siku ile.

"Mzee, mfukuze! Anamaliza maua!"

"Wacha huyu ale," akasema. "Huyu ana njaa."

Nilisimama pale nimemkumbuka mama na mpunga wake, na hasira ikanipanda. Nilimwambia neno moja baya kuhusu watu wake na ng'ombe wao. Ng'ombe aliposhiba Mzee alimsindikiza hadi barabarani, akimgusa mgongoni kwa kiganja, na jioni akapanda vinka upya.

Sasa niseme habari ya rangi, kwa sababu hapo ndipo aliponishinda.

Chuo cha ualimu walitufundisha duara la rangi. Nyekundu, njano na buluu ni wazazi. Chungwa, kijani na zambarau ni watoto. Zinazotazamana zinachangamshana, zinazokaa jirani zinasikilizana. Nilikuwa nimelichora langu kwenye karatasi ya manila na kulitundika ukutani darasani. Kwa kulitegemea duara hilo, kabla Mzee hajaja, nilipanda bogainvilia ya zambarau iliyokolea kwenye lango, na mbele yake safu ya maua ya kana, nusu rangi ya chungwa, nusu nyekundu ya damu ya mzee. Nilitaka mtu akiingia ashtuke kwa furaha. Aliyeingia alishtuka, ila furaha sikuiona.

Mzee aliingia darasani siku moja kutengeneza dirisha, akasimama mbele ya duara langu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ya jivu iko wapi?"

"Kijivu hakimo kwenye duara, Mzee."

"Na hii ya udongo?"

"Hata kahawia haimo. Hizi ni rangi safi."

Akalizunguka lile duara kwa ncha ya fimbo, pole pole, mpaka akarudi alipoanzia. "Sasa hii rangi yote," akauliza, "inakanyaga wapi?"

Nikamwambia amalize dirisha.

Alichokifanya bustanini hakikutoka katika kitabu chochote nilichokisoma. Krotoni zangu, zile zenye madoa ya njano na kijani na nyekundu, alizing'oa katikati na kuzipeleka ukingoni. Nilipomuuliza sababu alisema, "Huyu ni bure." Nilikasirika siku mbili, maana krotoni zile nilizitoa kwa mama kule Wema, nikazibeba mapajani njia nzima. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba hakuwa anazitukana. Kwao neno hilo, au linalosikika hivyo sikioni mwangu, ni mnyama mwenye mabaka. "Huyu anaita macho," alinieleza. "Akikaa katikati, hapana mtu anaona wengine."

Maua meupe aliyaweka nyuma kabisa, chini ya ukuta wa ghala. Nilimwambia yanapotea kule. Akanisubirisha mpaka jua likazama, wakati wekundu wote wa bustani umegeuka kuwa weusi, na kweli, ule mstari mweupe ukabaki unaonekana peke yake. "Giza ikianza," akasema, "ukiona huyu, unajua wote wameingia." Nilidhani anasema habari ya wanafunzi.

Na pale langoni, kati ya bogainvilia na kana, alipanda magugu.

Siwezi kuyaita vinginevyo, kwa maana sisi Wapokomo hatukuyapa heshima ya kuwa na jina. Ni kichaka kifupi cha majani ya kijivu, chenye vishada vyeupe kama sufu, kinachoota pembeni mwa barabara ya Malindi ambako hata mbuzi hukiruka. Mzee alikileta kutoka bondeni kikiwa na udongo wake, kimefungwa katika kikoi, yeye mwenyewe amebaki na kitambaa kiunoni. Alikipanda, akakimwagilia, akasimama kando.

"Dalacha," akasema.

"Ni jina la huo mti kwa Kiorma?"

"Jina lake."

Nikaliandika kwenye daftari langu la mimea, sambamba na majina ya kisayansi. Baada ya wiki tatu kichaka kilitanuka, na ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nawafundisha wanafunzi wangu. Lango lilinyamaza. Zambarau ilikuwa ile ile, chungwa ile ile, damu ya mzee ile ile, lakini kijivu kimekaa katikati yao na kila moja imepata nafasi ya kuwa yenyewe. Niliona, lakini sikumwambia kwamba nimeona. Mtoto wa mkulima kumsifu Mworma kwa habari ya kupanda, nilikuwa bado sijafika huko.

Katikati ya mwaka wa tisini na saba tuliambiwa mkaguzi anakuja. Shule ilipigwa chokaa hadi kwenye mawe. Mzee alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu kwenda msibani, na siku moja kabla ya mgeni mwalimu mkuu aliniita langoni.

"Mwalimu, hayo magugu ya katikati yaondoke. Mtu akiingia atasema hata kupalilia hatujui."

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na macho, nilikuwa na duara la rangi lenye pengo ambalo nilikuwa nimeshalijua. Lakini neno lile la kupalilia lilinichoma. Nyumbani kwetu gugu likionekana shambani, aibu ni ya mwenye shamba. Nilishika jembe mwenyewe. Mkono wa jembe hausahau. Mapigo manne, kichaka kikatoka na mizizi yake yote. Nilikitupa kwenye shimo la taka na kukichoma pamoja na majani makavu, nikafagia pale mahali pakawa safi.

Mkaguzi alikuja, akatazama madaftari, akatazama vyoo. Alipokuwa anatoka alisimama langoni akipepesa macho. "Maua mnayo," akasema, "ila hapa pana kitu kinachochosha." Hakujua ni kitu gani. Mimi nilijua, na nilitazama chini.

Mzee alirudi siku iliyofuata. Aliosha miguu, akaingia, akafika pale langoni na kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alizungumza kwa sauti ndogo.

"Dalacha yuko wapi?"

"Nimeung'oa, Mzee. Mkaguzi alikuwa anakuja."

"Umemtupa wapi?"

"Nimechoma."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa habari ambayo alikuwa ameshaisikia. Kisha akanyoosha fimbo na kuanza kuonyesha, tuta moja baada ya jingine, akitumia Kiswahili chake kile kile, bila kunitazama. Yule kana mwekundu na yule wa chungwa walikuwa ndugu wa mama mmoja, hawakupatana maisha yao yote. Vinka wale wa waridi walikuwa ndama. Yule bure wa ukingoni alipenda kutangatanga. Mweupe alitembea nyuma siku zote. Wengine walianguka kiangazi kile, njia ya Kinakomba, wakitafuta majani, wengine walirudi na kuanguka karibu na nyumbani. Dalacha alikuwa ng'ombe wa kijivu, wa katikati. Wale wekundu walipigana kila siku mpaka alipoingia kati yao.

"Alibaki yeye tu," akasema. "Yeye na mimi. Tumefika mtoni. Akakunywa maji. Akalala hapo hapo."

Nilimkumbuka mama na mikono yake kichwani. Sikuwahi kufikiria kwamba mwenye ng'ombe naye ana asubuhi kama ile.

Hakuacha kazi, wala hakuweka chuki. Alimwagilia, alikata, alifukuza mbuzi. Ila kesho yake nilimsikia akisema na mpishi karibu na tuta la vinka. "Hii imekauka," alimwambia. "Hii itapata maji kesho." Tangu siku ile maua yote yakawa "hii", sawa na kiti, sawa na mvua, sawa na mwalimu mkuu. Mimi niliyemsumbua miezi na miezi kwamba ua ni kitu, nilikuwa nimefaulu. Sijapata kuumizwa na sarufi kama nilivyoumia wiki ile.

Jumamosi moja nilitembea barabara ya Malindi na jembe, mwalimu mzima, wapita njia wakinishangaa, nikachimba kichaka cha kijivu. Nilikichimba vibaya. Udongo ulimomonyoka, mzizi mkubwa ukakatika. Nilikipanda pale langoni mwenyewe na kukipa maji asubuhi na jioni, na Mzee alinitazama kwa mbali. Baada ya wiki moja kilikuwa vijiti. Baada ya wiki ya pili nilikuta hakipo, pamebaki shimo, nikaelewa kwamba ameona afadhali akitupe. Sikumlaumu.

Kisha mvua za Elinino zikaanza, na hazikukoma. Mto ulitoka mahali pake ukaja mpaka darasani. Shule ilifungwa, sisi tukakimbilia penye mwinuko, na Mzee na watu wake wakahamia tusikokujua. Maji yalipopungua nilirudi kutazama. Bogainvilia ilikuwa imebaki kigogo. Matuta yalikuwa tope tupu, laini, limesawazishwa kabisa. Nililia pale langoni kwa sababu nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, na sasa sikuwa na bustani ya kumwombea wala mtu wa kumwomba.

Ulipita zaidi ya mwaka. Shule ikafunguliwa, mwalimu mkuu akahamishwa, bustani haikupandwa tena.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa nilipomwona. Nilikuwa natembea kuelekea Idsowe kumtazama shangazi, majani ya bonde yamefika magotini kila upande, na mbele yangu ng'ombe wanne walivuka barabara. Wawili wekundu walitangulia, mmoja damu ya mzee, mmoja wa kung'aa, wakisukumana kwa pembe. Nyuma yao ndama mwenye mabaka, kisha mweupe. Nyuma ya mweupe, fimbo.

"Mwalimu," akasema.

"Mzee. Hujambo, Mzee?"

Alikuwa amepungua, lakini kikoi kilikuwa kipya. Aliniambia ng'ombe wale alipewa na jamaa zake, mmoja huku, mmoja kule, kama ilivyo desturi yao kwa mtu aliyeishiwa mifugo. Kisha akanielekezea kundi kwa kidevu, kama mimi nilivyozoea kuwaelekezea wanafunzi ubao.

"Angalia. Sema."

Nilitazama. Wale wekundu wawili walikuwa bado wanasukumana.

"Wale wa mbele wanapigana," nikasema. "Katikati hayupo. Dalacha hayupo."

Meno yake yakaonekana, kwa mara ya pili tangu tufahamiane.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Nilimng'oa nikiwa najua. Si kwamba sikujua."

"Mimi najua wewe najua," akajibu. "Njoo."

Boma lake lilikuwa karibu, ua wa miiba na vibanda viwili. Kwenye mlango wa ng'ombe, upande wa kuingilia, kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa udongo, na ndani ya mkebe kichaka cha kijivu, kifupi, kimejaa, vishada vyake vimefunguka. Ng'ombe walipoingia walipita pembeni yake mmoja mmoja, na wekundu wale wawili ilibidi waachane ili wasikikanyage.

"Dalacha akizaliwa, atashika mahali yake," akasema Mzee. "Sasa huyu anashika."

Nilisikia lile "huyu". Nilitaka alirudie lakini sikuthubutu kuuliza.

"Umempata wapi, Mzee?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosa swali jepesi. "Huyu ni yule wako. Ya juu ilikufa. Ya chini hapana kufa. Mimi nilimtoa kabla ya maji."

Alikuwa amembeba katika mkebe ule mafuriko yote, na mimi huku nikidhani kamtupa. Nilisimama nimeshika mlango wa miiba, machozi yananitoka mbele ya ng'ombe wanne na mzee mmoja aliyejifanya anakagua pembe.

Aliponiona nimetulia alinipa kibuyu cha maji.

"Wewe umeleta huyu," akasema. "Wewe mpe."

Nikainama nikamwagia, pole pole, mpaka akanywa yote.